Michoro ya AFCON isipakwe juu ya kuta zenye maji

Mhariri,

Tunaomba nafasi katika safu yako ya barua, na utuwie radhi kwa urefu. Mambo ya ukuta hayaelezeki kwa mistari mitano.

Tangu Septemba 2023, Tanzania, Kenya na Uganda zilipopewa kuandaa AFCON 2027 kwa pamoja, kila penye mazungumzo ya kupendezesha miji hakosekani mtu wa kusema tuchore kuta. Uzio wa shule, nguzo za barabara za juu, ule ukuta mrefu wa njia ya kwenda uwanjani. Sisi wachoraji wa kuta na mafundi rangi ndio wa kwanza kufurahi, maana ni riziki yetu. Lakini tunajua kazi za namna hii zinavyoandikiwa zabuni. Ukurasa mzima unaeleza picha: wachezaji, Mlima Kilimanjaro, twiga, bendera. Kuhusu ukuta unakuta mstari mmoja tu, kwamba usafishwe na kupakwa rangi. Mstari huo ndio unaoua kazi, kwa sababu fedha na siku zote zinahesabiwa kwa picha na sherehe ya kuizindua, na mvua za kwanza zikija picha inashuka na plasta yake.

Mchoro uliobanduka ni mbaya kuliko ukuta mtupu. Watu wa mtaa wanaopita kila siku mbele ya sura zenye magamba wanajua fika kwamba walikuja wageni, wakapigwa picha, wakaondoka. Ukirudi kuomba ukuta mwingine hapo unafukuzwa, na wana haki.

Kama sanaa inabadili mji au haibadili, huo si ubishi wetu. Dar es Salaam watu huelekezana kwa sanamu ya Askari, iliyosimama pale Samora tangu 1927, na kwa Mnara wa Saa wa 1961, mwaka Dar ilipopewa hadhi ya jiji. Mombasa hakuna anayepotea akiambiwa mkutane Mapembeni, penye yale mapembe makubwa ya ndovu. Kibera, mwanzoni mwa 2008, damu ya uchaguzi ikiwa bado mbichi, msanii anayejiita Solo 7 alipita akiandika maneno ya amani kwenye kuta na mabati. Kazi ile haikuhitaji praima, yaani mpako wa kwanza wa kushikisha rangi, wala vanishi. Haikuhitajika idumu miaka kumi, ilihitajika wiki ile ile, basi. Tunaiheshimu na barua hii haiigusi. Tunazungumzia kuta zinazolipiwa kwa fedha za umma au za wafadhili kwa ahadi kwamba zitakaa.

Kwanza ni maji, na maji huingia ukutani kwa njia tatu: juu, chini na nyuma.

Kuta nyingi za uzio zimeishia kwenye bloku la mwisho bila kofia, yaani kifuniko cha juu cha ukuta, au kofia ipo lakini imepasuka. Mvua inazama kwenye mabloku, inashuka ndani kwa ndani, na rangi inatoa malengelenge sentimita 20 au 30 chini ya ukingo, hata kama uso wa ukuta haukupigwa na tone. Hapo usinunue rangi ya bei kubwa. Jenga kofia ya saruji na mchanga, moja kwa tatu, yenye mteremko, itokeze kama sentimita 5 kila upande. Chini ya sehemu iliyotokeza upitishwe mfereji mwembamba. Fundi akilaza kamba nene kwenye fomu, yaani kiunzi cha kumiminia zege, wakati wa kumimina kisha akaivuta, mfereji umepatikana. Maji yakifika hapo yanadondoka chini badala ya kutambaa kurudi ukutani. Tumeona kazi zenye rangi ya gharama kubwa zikifa kwa kukosa mfereji huo wa upana wa kidole.

Chini, unyevu wa ardhi hupanda, mara nyingi hadi nusu mita, pengine mita nzima, pale msingi ulipojengwa bila kizuizi cha unyevu. Ukipanda hubeba chumvi. Miji ya pwani ina balaa la ziada: plasta nyingi zimechanganywa kwa maji ya kisima yenye chumvi, au kwa mchanga ambao haukuoshwa. Chumvi hiyo ikifika karibu na uso wa ukuta hukauka na kuganda kuwa chembe ngumu, na chembe zinapokua zinasukuma rangi kutoka nyuma. Ule unga mweupe unaoota juu ya kuta za zamani ndio huo. Wengi huuosha kwa maji na kupaka rangi kesho yake. Ni kosa: maji yanaiyeyusha chumvi, inarudi ndani na kungoja. Unga upigwe kwa brashi ngumu ukuta ukiwa mkavu, uzolewe utupwe mbali, ukuta uachwe wiki mbili. Ukitoka tena, upigwe tena. Ukuta ambao unga wake haukomi haufai kuchorwa. Utafutwe mwingine, hata kama huo ndio aliouona mgeni rasmi akaupenda.

Nyuma ya ukuta kunaweza kuwa na tenki, bafu la jirani, mtaro au kilima cha udongo. Kuta zinazozuia udongo huachiwa matundu ya kutolea maji. Wachoraji wana tabia ya kuyaziba kwa puti, ule udongo laini wa kusawazishia ukuta, ili picha ionekane safi, maji yanakosa pa kutokea, yanapita kwenye plasta. Matundu hayo yabaki wazi hata kama yameangukia kwenye jicho la twiga.

Namna ya kupima haina gharama ya kuitisha kikao. Chukua kipande cha nailoni cha nusu mita kwa nusu mita, kibandike ukutani kwa mkanda pande zote nne pasipite hewa, kiache siku nzima na usiku wake. Ukikibandua ukakuta matone au weusi wa unyevu upande wa ndani, ukuta una maji. Pima sehemu tatu: karibu na ardhi, katikati, na chini ya kofia. Mara nyingi majibu matatu hayafanani, na hapo ndipo unapojua maji yanatoka wapi.

Plasta mpya ingoje siku 28. Watu wanadhani sababu ni unyevu tu, kumbe kubwa zaidi ni ukali wa saruji changa, unaoshambulia rangi. Hapa wanaponzwa sana vijana hodari waliotoka kwenye uchoraji wa ubao. Edward Saidi Tingatinga alipoanza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968 alitumia rangi ya mafuta ya kung'aa, ile ya baiskeli, juu ya ubao, na waliomfuata wanaendelea nayo hadi leo. Kwenye ubao ni rangi isiyo na mfano. Kwenye plasta changa au yenye unyevu, mafuta yake yanakutana na ukali wa saruji na kugeuka kuwa aina ya sabuni. Rangi inalainika, inanata kidoleni, kisha inaachia vipande vipana kama ganda la ndizi. Zaidi ya hapo rangi ya mafuta haipumui, hivyo maji yaliyomo ndani hayana njia ila kuisukuma. Anayetaka tingatinga ukutani achore kwa rangi ya maji ya akriliki ya nje. Mng'ao atauongeza mwishoni kwa vanishi ya maji, tena pale tu nailoni ilipotoka kavu.

Ukuta wa zamani una majaribio yake. Pitisha kiganja. Kikirudi cheupe, hapo kuna chokaa au rangi iliyochoka, na chochote utakachopaka juu yake kitashika unga, hakitashika ukuta. Kwangua, osha, acha ikauke, paka praima ya kupenya. Kisha kwa wembe kata mistari ya kukatizana kwenye rangi iliyobaki, bandika mkanda wa gundi juu yake, uvute kwa nguvu mara moja. Mkanda ukirudi na rangi, yote itoke.

Na puti. Puti ya jipsamu ni ya ndani ya nyumba. Imekuwa mazoea kuipiga nje kwa sababu inasuguliwa kirahisi kwa msasa na humpa mchoraji uso laini wa kuringia. Mvua ikipata ufa mmoja, jipsamu inakunywa maji, inalainika, na sura ya mchezaji inaanguka pamoja na puti yake. Nje ni puti ya saruji, nayo nyembamba, au plasta iachwe ilivyo. Mchoro unaotazamwa kutoka mita 10 hauhitaji uso laini hivyo.

Nguzo za madaraja ni habari nyingine. Wapo wanaozitazama nguzo za madaraja ya Dar es Salaam, la Mfugale pale Tazara au la Kijazi pale Ubungo, wakaona turubai tupu la mchoraji. Zege iliyomiminwa kwenye fomu hubaki na mafuta yaliyopakwa ili fomu iachie, na rangi haishiki juu ya mafuta. Inahitaji kusuguliwa kwa sabuni ya kuondoa mafuta, kuoshwa, na kumwagiwa maji kidogo kuona kama yanatandaa au yanajikusanya matone. Yakijikusanya, mafuta bado yapo. Muhimu zaidi, mhandisi wa daraja hukagua nyufa za zege kwa macho. Rangi nene inaficha ufa. Mchoro wowote wa nguzo upite kwa mwenye barabara kwanza, maungio yaachwe wazi, na rangi iwe nyembamba. Kama hilo haliwezekani, nguzo iachwe zege. Si kila kitu cha kijivu mjini ni kosa la kusahihishwa.

Sasa hesabu. Chukua uzio wa mita 40 wenye kimo cha mita 2.4. Ni mita za mraba 96. Mkebe unaweza kuandikwa kwamba lita moja inafunika mita za mraba 12, lakini hiyo ni kwenye uso laini. Kwenye plasta yetu ya kawaida hesabu 8. Kila mkono, yaani kila mpako mmoja wa ukuta mzima, ni lita 12. Praima mkono mmoja, rangi ya msingi mikono miwili: lita 36 kabla ya kuchora hata ua moja. Zabuni inayotaja ndoo moja ya lita 20 kwa ukuta huo tayari imekiri kwamba rangi itazimuliwa. Rangi iliyozimuliwa kupita maelekezo ya mkebe inapungukiwa gundi, na baada ya miezi unakuta inatoka na kiganja kama chokaa. Mkaguzi asiyejua rangi anaweza kuhesabu ndoo tupu mwisho wa kazi. Inasaidia.

Jua nalo lina yake. Nyekundu ya udongo, manjano ya udongo, nyeusi, buluu na kijani za kiwandani zenye nguvu, na nyeupe hukaa miaka. Waridi, zambarau, njano kali na rangi zile za kumetameta huondoka upesi, za kumetameta ndani ya miezi. Zinazochomwa zaidi ni kuta zinazotazama mashariki na magharibi. Kwa hiyo mchoro upangwe ili umbo lake lisimame kwa rangi zinazodumu, na zile za haraka ziwe mapambo ambayo yakipauka picha inabaki inasomeka. Tumeona bendera ambazo njano yake imeishia kuwa nyeupe, na mwenye mtaa anaulizwa ni bendera ya nchi gani.

Shuleni kuna jambo la afya lisilosemwa. Rangi za mafuta, hasa za njano na nyekundu, zinaweza kuwa na madini ya risasi, nayo yanadhuru ubongo wa mtoto. Kiwango kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani ni kisichozidi sehemu 90 kwa milioni. Mnunuzi adai maandishi ya kiwandani yanayolitaja hilo. Rangi ya zamani ya shule isipigwe msasa mkavu watoto wakiwa darasani: ilowekwe, ikwanguliwe, chini kutandikwe nailoni, takataka zifungwe. Kazi hiyo ni ya likizo.

Majira ya kazi kwa pwani ni Juni hadi Septemba, na kile kipindi kifupi cha Januari na Februari kati ya vuli na masika. Kwa siku, umande ukishakauka hadi saa nne asubuhi, kisha kuanzia saa kumi jioni. Weka kiganja ukutani saa saba mchana. Kama huwezi kukiacha hapo, rangi nayo itakauka kabla ya kushika.

Sentimita 40 za chini, kila ukuta wa mjini, ni mali ya matope. Gari likipita dimbwini, mvua ikipiga ardhi, vyote huishia hapo. Usichore kitu cha maana eneo hilo. Pakwe mkanda wa rangi moja iliyokolea, kopo la rangi hiyo hiyo libaki kwa mtendaji wa mtaa au kwa mlinzi wa shule, mkanda upakwe upya kila mwaka. Ni kazi ya asubuhi moja ya vijana wawili, na ukuta mzima unaonekana kana kwamba umechorwa jana.

Tukitoka kwenye rangi tunaingia kwa watu, ambako kazi nyingi huharibikia kwa namna isiyotibika kwa praima.

Hakuna maandishi yaliyoenea zaidi kwenye kuta za miji yetu kuliko USIKOJOE HAPA, na faini yake pembeni. Viongozi hutuambia: choreni kitu kizuri, watu wataona haya. Wataona haya kwa muda gani? Mtu anakojoa pale kwa sababu pana kona yenye giza, kituo cha daladala kiko hatua chache, na choo hakuna. Mchoro bila taa na bila choo utanuka kama ukuta wa zamani. Bajeti ikiwa ndogo, afadhali nusu ya mchoro na taa mbili kuliko mchoro mzima gizani.

Kabla ya kuchora, ukuta ujulikane ni wa nani. Anayekukaribisha chai huenda ni mpangaji, mwenye nyumba yuko mkoani. Hati ya ukurasa mmoja inatosha: mwenye ukuta anaruhusu kwa miaka mitatu au mitano, nani anapaka upya na kwa fedha za nani, akitaka kubomoa au kupaka juu yake atoe taarifa siku 30 kabla, nani anaruhusiwa kutumia picha ya mchoro huo katika matangazo ya biashara, maana Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inamlinda mchoraji kama inavyomlinda mwanamuziki. Nembo ya mfadhili iwe ndogo. Ikiwa kubwa, halmashauri inaweza kuuhesabu ukuta kuwa bango na kudai ushuru, na watu wa mtaa nao watauhesabu hivyo hivyo. Na uliza wakala wa barabara, TANROADS au TARURA, kama ukuta haumo kwenye hifadhi ya barabara. Mchoro wenye alama nyekundu ya X ya kubomolewa juu yake ni aibu ya watu wengi kwa pamoja.

Mkutano wa mtaa usiwe wa kuonyeshwa picha iliyokwisha kuamuliwa. Waje mama lishe, bodaboda wa kijiwe kile, walimu, mafundi wa gereji, watu wa msikiti na wa kanisa. Waulizwe mambo ya kawaida: watoto wanavukia wapi, maji yanatuama wapi, nani anakaa hapa jioni. Majibu hayo ndiyo yanayoamua picha iwe upande gani na kimo gani. Michoro iletwe mitatu, si mmoja, na mmoja wapo uweze kukataliwa kweli. Watu wana sababu zao. Sura ya mtu aliye hai italeta maneno. Kijani na njano zikikaa pamoja ukutani mwaka wa uchaguzi, mchoro umeshaingia kwenye chama bila kadi.

Watoto na majirani wanaweza kushiriki bila kuharibu kazi. Mchoro uhamishwe kwa miraba ya nusu mita iliyopigwa kwa kamba ya chaki, maeneo ya chini ya mita moja na nusu yatiwe namba za rangi, kila kundi lipewe kopo moja na namba moja, na mchoraji afuate nyuma na mistari ya mwisho. Philadelphia, Marekani, ambako mpango wa jiji wa kuchora kuta ulianza 1984, wana njia nyingine: vipande vya kitambaa chepesi kisichofumwa vinachorwa mezani, darasani au hata gerezani, kisha vinabandikwa ukutani kwa gundi ya akriliki. Njia nzuri kwa asiyeweza kupanda jukwaa la mirunda. Kwetu gundi hiyo ni ghali, na juu ya ukuta unaotoa chumvi kitambaa kitavimba kama rangi yoyote, hivyo nailoni kwanza.

Tuna neno pia na wanaochora kwa ajili ya watu waliomo kwenye magari tu. Mchoro wa barabarani usio na pa kukaa unatazamwa kwa sekunde nne. Miji yetu ya zamani ilishalijua hili. Zanzibar na Lamu nyumba zilitolewa baraza la mawe nje, na mlango uliochongwa ukawa juu ya vichwa vya waliokaa; nakshi iliwekwa pale ambapo watu walikuwa tayari wana sababu ya kukaa. Fanyeni hivyo. Jengeni kibaraza mbele ya ukuta, kimo sentimita 40 hadi 45, kina sentimita 40, uso wake uteremke kidogo kwenda mbele ili maji yasituame, na kiachane na ukuta kwa sentimita 5 hivi ili unyevu wake usihamie kwenye picha. Panda mti upande wa magharibi, lakini si karibu kiasi cha mizizi kufika kwenye msingi. Penye kibaraza na kivuli, kijiwe kitahamia hapo chenyewe, na kijiwe ni mlinzi wa mchoro kuliko vanishi yoyote. Anayekuja na gundi yake kubandika tangazo la mganga ataulizwa anatafuta nini.

Kuchora barabara yenyewe mbele ya shule, fasheni iliyotoka nje, tunaisema kwa tahadhari. Rangi ya ukutani juu ya lami huteleza ikilowa, na atakayeanguka ni wa bodaboda. Ikitumika, iwe ya barabarani, iliyochanganywa mchanga safi mkavu, na kivuko cha pundamilia kibaki cheusi na cheupe kisiguswe. Mradi wa SARSAI wa shirika la Amend, uliopata tuzo ya WRI Ross mwaka 2019 kwa kazi yake ya kulinda watoto wa shule barabarani, Dar es Salaam ikiwemo, haukuanza na picha. Ulianza na njia za waenda kwa miguu, matuta, vizuizi na alama. Picha ikija baada ya tuta inasaidia. Ikija badala ya tuta inadanganya.

Fedha zigawanywe vipi? Katika kila shilingi 100 tunapendekeza 30 ziende kwenye ukuta wenyewe, yaani kofia, plasta, kukwangua na praima. 20 kwenye rangi na majukwaa. 30 kwa wachoraji na vibarua. 15 zitengwe kwa ukarabati wa miaka mitatu na ziwekwe kwenye akaunti ambayo mkandarasi haigusi. 5 kwa mikutano na uzinduzi. Tunajua mgao huu hautapendwa na wanaopanga uzinduzi. Malipo ya mwisho, tuseme asilimia 20, yazuiwe hadi msimu mmoja wa mvua upite na ukuta ukaguliwe. Mchoraji asikubali sharti hilo kama kuandaa ukuta kulifanywa na mtu mwingine asiyewajibika. Hapo atakuwa analipia dhambi za fundi plasta.

Ombi letu kwa halmashauri za Dar es Salaam, Arusha na Zanzibar, na kwa wenzao wa Nairobi na Kampala kama gazeti hili linawafikia, ni la ratiba. Kuta ziorodheshwe sasa. Kofia zijengwe na matundu yafunguliwe kabla ya mvua. Kisha ukuta uachwe mtupu unyeshewe msimu mzima, mtu apite kila mwezi na nailoni, aandike upi umekauka na upi haukukauka. Mashindano ya kuchagua michoro yaendeshwe wakati huo huo, mvua ikinyesha. Zitakazobaki kavu ndizo zichorwe, hata zikiwa nusu ya zilizotajwa mwanzo, na fedha za nusu nyingine ziende kwenye taa na vibaraza. Kupita na maofisa mtaa kwa mtaa kupima tutafanya bila malipo, maadamu tuitwe kabla zabuni haijatangazwa.

Wachoraji wa kuta na mafundi rangi,
Temeke, Dar es Salaam